Mama Boke, wa Mwisho Kwenye Foleni ya Karo

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuoka, kupakia na kutukemea, Bi. Mellen Nyakerario anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Kiwanda chetu cha mikate hapa mjini Migori kinampoteza mkuu wa upakiaji. Mimi niliyesimama naye meza moja tangu 2011 nampoteza mtu wa kuniambia nifunge aproni vizuri.

Mama Boke, kama wengi tunavyomwita, aliingia hapa mwaka 1996 akiwa ameishia kidato cha pili. Aliomba kazi ya nusu siku, alfajiri hadi saa tano. Saa zilizobaki zilikuwa za watoto watatu, shamba la mahindi na meza ya dagaa wa omena sokoni. Mumewe, Mzee Mwikwabe, hutengeneza pikipiki, na kipato cha fundi kila mtu anakijua: leo kipo, kesho hakipo. Mwaka 2004, akiwa na miaka thelathini na tisa, Mama Boke alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, akapata C+. Alikinunulia soda kiwanda kizima, kisha akarudi kupima unga.

Diploma ndiyo iliyomtoa jasho. Nyumbani kwake palikuwa na sheria: karo ya chuo hulipwa ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Boke, binti yake wa kwanza, alipofaulu, mama akasogea nyuma. Wakafuata wavulana wawili, naye akasogea tena na tena. Kiwanda kilipompa kazi ya siku nzima, aliikataa kwa miaka mitatu. Tulimwona mjinga, nami nikiwa mstari wa mbele, hadi alipotupigia hesabu: kumlipa msaidizi wa nyumbani na kuiacha omena kungemgharimu zaidi ya nyongeza yenyewe. Namwomba radhi leo mbele ya watu.

Mwaka 2021 watoto wenyewe walimchangia karo, akajiunga na chuo kimoja mjini Homa Bay kusomea usimamizi wa biashara. Wakati huo alikuwa mkuu wetu, kazi ya siku nzima. Akamwendea mkurugenzi, Bi. Kaltum, akaomba arudishwe nusu siku, akiwa na miaka hamsini na sita. Alikubaliwa, na cheo akabaki nacho.

Hapo ndipo tulipoona vituko. Alikuwa akiandika maswali ya marudio nyuma ya zile karatasi tunazotia ndani ya kreti kuonyesha idadi ya mikate. Jumanne moja yeye mwenyewe, anayekagua kila kreti mara mbili, aliziacha zikaondoka na gari. Mwenye duka mmoja wa Ndhiwa akapiga simu: “Madam, hii karatasi inaniambia nieleze sababu tano za bei kupanda. Si ni nyinyi mnapandisha?” Dereva wetu, Monari, alizikusanya zote isipokuwa moja ya Homa Bay. Hiyo ilirudi wiki iliyofuata kutoka kwa Issack, mteja wetu wa huko, akiwa ameijibu kwa kalamu nyekundu, sababu zote tano. Mama Boke aliisoma akasema huyu anastahili kuwa mwalimu.

Vicheko vilikoma kwenye somo la Takwimu. Alianguka mara mbili. Chuo kikamwambia mara ya tatu ndiyo ya mwisho, na akianguka tena, miaka minne imepotea na cheti hakuna. Basi akaanza kutafuta wastani wa kila kitu: mikate iliyoungua, kreti zilizovunjika, dakika anazochelewa Monari, hadi Monari akawa anamkimbia. Mara moja tu nilimwona akilia, nyuma ya magunia ya unga. Nilijifanya natafuta ufagio. Niliogopa kuliko yeye.

Matokeo yalitoka Jumanne wiki hii, katikati ya zamu. Mama Boke alisoma simu yake, akaketi juu ya kreti, akasema, “Sitini na moja.” Kisha akavua aproni kabla ya saa yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda kumwambia Mzee Mwikwabe gereji. Programu mia moja na ishirini za sherehe hii zilikuwa zimeshachapishwa na kukunjwa. Bi. Kaltum aliagiza zichapishwe upya zote, kwa sababu ya mstari mmoja tu uliopungua chini ya jina.

Asante, Mama Boke, kwa mikono yako na kwa ukali wako. Kuanzia Jumatatu amka saa unayotaka. Tutakukosa sana, na tunasema hivyo bila aibu. Mungu akujalie afya, siku nyingi na furaha tele, wewe Mellen Nyakerario, mwenye Diploma ya Usimamizi wa Biashara.

Fardowsa, Idara ya Upakiaji