Venansi Lyamba na Picha ya Tuta la Lufubwe

Mjomba wetu Venansi Lyamba, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 5 Juni 1999, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 katika kijiji kimoja karibu na mto Ugalla. Wazazi wake walikuwa mzee Abednego, mrina asali, na mama Bibiana. Mjomba alikuwa mwoga. Tunalisema mbele ya jeneza kwa sababu mwenyewe hakulificha. Baba yake alimpandisha mtini mara moja, akashuka bila kugusa mzinga, na tangu hapo kazi yake ikawa kupuliza moto chini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha akapanda treni kwenda Tabora kwa shangazi yake Esteria. Huko mpiga picha mmoja alimfundisha kushika kamera na kusafisha picha gizani. Giza lenyewe alikuwa akiliogopa, kwa hiyo alisafisha picha huku akiimba, na majirani walijua kazi inaendelea.

Mwaka 1974 alifungua studio hapa Kashaulili. Nani kati yenu hana picha ya Venansi, iwe ya ubatizo au ya harusi, mbele ya lile pazia lake la maua? Aliamini kuwa picha isiyo na mtu ni picha tupu. Hata ukimwita akupigie picha ng'ombe, ilibidi nawe usimame pembeni. Ila yeye mwenyewe hakukubali kupigwa. Alisema anaogopa kuachwa humo ndani.

Tarehe 21 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Nyamizi, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe kutoka Shinyanga. Kaka wa Nyamizi, Masele, alipendana na mjomba kuliko ndugu wa tumbo moja. Masele ndiye aliyemsindikiza chooni usiku walipolala kijijini, na alimtania kwa hilo mbele za watu.

Oktoba 1997 yalifanyika hapa mjini maonyesho ya picha za mazingira, pamoja na mkutano wa kujadili misitu na mito. Mjomba aliombwa picha. Alikwenda bonde la Lufubwe, akakuta viboko wamejazana kwenye tope, wengine wamekufa. Akawapiga picha. Alipopanda juu akaona tuta la udongo limeziba kijito chote, na nyuma yake mpunga wa kijani wa shemeji yake Masele, naye yumo shambani. Mazoea ya studio yakamponza. Aliona tuta tupu halipendezi.

“Shemeji, hebu simama hapo juu,” akasema. “Vaa na koti.”

Masele akavaa koti, akaweka jembe begani, akacheka.

Picha hizo mbili alizitundika pamoja bila kufikiri. Kwake ile ya pili ilikuwa picha nzuri ya shemeji yake, basi. Lakini ofisa mmoja alizitazama kwa zamu, kisha akauliza mbele ya mkutano mzima, “Mpiga picha, hapa ni wapi? Na huyu aliyeziba maji ni nani?”

Ndipo mjomba akaelewa alichofanya. Masele alikuwa amekaa nyuma, amekuja na koti lile lile kujiona. Mbele walikaa akina mama wa bonde la chini, ambao mwaka ule walikuwa wakichota tope. 

“Mahali ni Lufubwe,” mjomba akasema. “Mtu nilimsimamisha mimi, na jina lake sisemi.”

Alipogeuka, kiti cha Masele kilikuwa wazi. Tuta lilibomolewa, maji yakateremka, mpunga ukakauka. Masele hakuonekana tena.

Hofu ikahamia nyumbani. Picha ile aliishusha jioni hiyo hiyo, akaifunga kwenye kitenge. Akaweka komeo la pili mlangoni. Mbwa akibweka, anazima taa. “Nyamizi, kaka yako atakuja na panga,” alikuwa akisema, na Nyamizi aliogopa kwa ajili ya wote wawili.

Presha ilimwanza Februari 1998, zikafuata figo. Jumapili iliyopita, tarehe 30 Mei, Masele aliingia chumbani kwa mgonjwa, amekonda, ndevu zimeota. Mjomba akajivuta ukutani.

“Umekuja kuniua, shemeji?”

“Nikuue na nini? Muda wote huu nimejificha Mishamo, nikijua askari wanatembea na picha yangu. Ni wewe niliyekuwa nakuogopa.”

Mjomba akamwomba Nyamizi afungue kitenge. “Hakuna aliyetembea nayo,” akamwambia. Masele akaitazama, akalia. Usiku ule mjomba hakuuliza habari ya komeo. Alifariki Alhamisi tarehe 3 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mke, Nyamizi. Watoto watatu, Manyanda, Sikujua na Nyanzala. Dada yake, Pudensiana, ambaye ni mama yetu. Na shemeji yake, Masele.

Jalada la ratiba mliyoshika lina picha ya Masele. Msishangae. Mjomba hatukuwa na picha yake hata moja, isipokuwa hiyo ya tuta. Kile kivuli kilicholala miguuni pa Masele, viwiko vimeinuliwa, ndiye marehemu akishika kamera. Tulimwomba Masele ruhusa tukijua maofisa watakuwepo hapa leo. Bado anaogopa.

“Wekeni tu,” akasema. “Nyie mkinificha mimi, mtamficha na yeye.”

Pumzika, mjomba. Shemeji yako yupo hapa nje mbele ya watu, anakusindikiza.