Indrakala Dewan, Aliyekataa Kupiga Makofi

Baada ya miaka ishirini na tisa katika ofisi ya chama wilayani Sankhuwasabha, mashariki mwa Nepal, Komredi Indrakala Dewan anastaafu siku ya mwisho ya mwezi wa Asar, katikati ya Julai. Katibu wetu wa wilaya ameniomba mimi, niliyeketi meza ya jirani naye muda wote huo, niandike jambo la kuchangamsha ukumbi. Nitajitahidi.

Cheo chake kilikuwa kirefu: mratibu wa maoni ya wanachama. Maana yake ni kupanda vijiji vya milimani, kuketi na watu, kuwauliza wanataka chama kisimamie nini, kisha kuyafikisha maneno yao ofisini bila kuyapunguza. Sisi wengine tulikuwa tukipokea simu.

Mnaukumbuka mkutano wake wa kwanza kule Dhupidanda. Aliwaambia wanakijiji kwamba hoja ikipigiwa makofi imepita. Basi wakampigia aliyetaka chama kilinde bei ya iliki, wakampigia aliyempinga, na chai ilipoletwa wakaipigia pia. Alipowauliza sasa wanataka lipi, mzee mmoja akamjibu, "Sisi tulikuwa tunaonyesha adabu tu, binti." Tangu siku hiyo akapiga marufuku makofi. Anayetaka anyooshe mkono, asiyetaka auache chini, anayesinzia aamshwe kwanza. Watu walicheka, halafu wakaanza kubishana kwelikweli.

Ni hapo Dhupidanda ambapo Sunkesari Rai alisimama. Mumewe alikwenda Malaysia akapotelea hukohuko, na binti yao, Asmita, alinyimwa cheti cha uraia kwa kuwa baba hayupo. Bila cheti hawezi kufanya mtihani wa uuguzi.

"Nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na hapa hakuna asiyemjua," alisema Sunkesari. "Chama kiseme jina la mama linatosha. Sina jingine."

Mikono yote ilinyooka. Hoja ikapita wilayani, ikapita mkoani. Kwenye mkutano mkuu kule Kathmandu haikuonekana katika rasimu ya sera. Mwenyekiti wa mkutano akaomba waraka wote upitishwe kwa makofi, na ukumbi ukarindima. Indrakala alikaa mikono mapajani.

Kiongozi mmoja wa safu ya mbele akageuka. "Vipi, dada, mikono inakuuma?"

"Haiumi," akamjibu. "Inasubiri kuhesabiwa."

Sasa niseme linaloniuma. Sunkesari alidhani kosa ni lake. Kila tulipokwenda kukusanya maoni alisimama tena na hoja ileile, kwa maneno mazuri zaidi ya mara iliyopita. Alifika hadi kumwomba mwalimu wa shule amfundishe kuongea kisomi. Na ofisi hii kila mara ilimrudishia jibu kwamba maoni yake yanafanyiwa kazi. Asmita akawa mtu mzima akivuna iliki za watu.

Majira ya baridi yaliyopita Indrakala alipanda Dhupidanda na kumwambia mbele ya kijiji kizima, "Mdogo wangu, ulisema vizuri tangu siku ya kwanza. Viongozi walikusikia. Hoja yako waliitoa kwa makusudi."

Sunkesari akauliza, "Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea."

Kamati ilisema huko ni kukiuka nidhamu ya chama, na Indrakala akatakiwa astaafu miaka miwili kabla ya wakati wake. Kwenye kadi za mwaliko hayo hayamo. Kadi zinasema amechoka. Mimi simjui Indrakala aliyechoka, na nina uchungu kuketi leo kula pilau ya kumfukuzia.

Mwezi ujao tunakusanya maoni upya kwa ajili ya sera ya uchaguzi. Juzi nilipiga simu Dhupidanda kupanga mkutano, akapokea Sunkesari. Nikamwambia chama kinataka kuwasikiliza wananchi. Hakupandisha sauti. "Tulishasema, kaka," alinijibu, "na hatukukosea." Akakata simu. Katika miaka yote hii, hakuna mwanachama aliyewahi kuijibu ofisi yetu hivyo, na najua amejifunza kwa nani.

Komredi Indrakala, tunakushukuru kwa safari zote ulizotupandia. Mungu akupe afya, magoti yapone, na bustani yako ikuzalie. Tunakuombea watu wema wa kuishi nao, wakutendee vizuri kuliko tulivyokutendea sisi.