Supu Chungu ya Mama Mizani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nitausoma wasifu wa mama yetu kama alivyokuwa, maana chumvi ya kuongezea angeitambua.

Mama yetu, ambaye kazini aliitwa Mama Mizani, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ya kijijini kwao hadi 1965, na mwaka 1970 akaajiriwa na kiwanda cha chai kuwa mwonjaji, kazi ya kufyonza kijiko kimoja, kutema, na kutamka daraja la chai, wala hakuna aliyembishia, hata meneja. Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na dereva wa lori, marehemu baba yetu, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu.

Mama aliamini, wala hakuficha, kwamba ubaya hukaa ndani ya mtu, na mkosaji kwake hakuwa ameteleza, alikuwa amejionyesha. Kikombe kikivunjika aliuliza nani, hakuuliza ilikuwaje.

Januari 2021 chakula kilianza kuwa kichungu mdomoni mwake, akamtazama mkwewe, mke wa mdogo wangu, aliyekuwa akimpikia, akahukumu kwamba anatiliwa kitu. Ulimi ulioaminiwa na kiwanda kizima, nani angeupinga? Mkwe alirudi kwao na wajukuu, na mtaa mzima ukakumbuka ghafla kwamba siku zote alikuwa mkimya mno. Uchungu haukuondoka naye, basi tukashukiwa sisi kwa zamu.

Tarehe 17 Agosti 2022 daktari alieleza kuwa figo zimeharibika na ndizo zinazomharibia ladha, mama akauliza huyo daktari katumwa na nani. Siku kadhaa baadaye akaagiza mkwewe aitwe. Mkwe alikuja na supu, mama akaonja, akakunja uso, nasi tukashikwa na hofu.

“Bado chungu, mwanangu,” akasema, “lakini leo sitemi. Nipe bakuli zima.”

Alifariki tarehe 2 Oktoba 2022, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkwewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa kiwandani. Chakula cha leo amepika mkwe wetu, yule aliyesimama mlangoni, na tangu asubuhi tunaona sahani zinavyorudi jikoni hazijaguswa, hivyo familia inawaomba, kabla hatujamzika mama, mle.

Mama, umeonja vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.