Mwalimu Igoki na Nyasi za Kianyaki

Mwalimu Eunice Igoki Kobia alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 huko Kanja, Embu, akiwa kitinda mimba wa Mzee Kivuti na Mama Kagure, ambao walitangulia kwenda kwa Bwana. Waliocheza naye utotoni wanasema alikuwa mdogo wa mwili, lakini kwa maneno hakuna aliyemweza.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1971, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ualimu. Mwaka 1978 alitumwa kufundisha Meru, katika shule iliyo chini ya mlima wa Kianyaki. Alifika na Kiembu chake, watoto wakamcheka. Kabla muhula haujaisha alikuwa akiwagombeza kwa Kimeru safi, na kicheko kikaisha.

Huko alikutana na mfugaji mmoja mpole, Bwana Joshua Kobia. Walifunga ndoa kanisani tarehe 5 Desemba 1981, na Mungu akawajalia Murungi, Kendi na Antony. Baba Murungi husema kwamba katika ndoa ile yeye alikuwa na ng'ombe na mkewe alikuwa na maoni.

Sasa tuseme habari ya mlima, maana huwezi kumtaja Mwalimu ukaacha Kianyaki. Nyaki kwa Kimeru ni nyasi, na zamani mlima ule ulikuwa nyasi tupu: malisho ya wote, na chini yake chemchemi isiyokauka. Mwaka 1985 Mwalimu na wanafunzi wake walipanda miwati, miti ya kigeni inayokua haraka, pale chini ili shule ipate kuni. Walipewa hata kombe kwa kupanda miti. Lo! Miti ile ikaanza kujipanda yenyewe. Alipostaafu mwaka 2017, Kianyaki kilikuwa kichaka cheusi, chini ya miti hakuna hata jani la kulisha mbuzi, ng'ombe wanafungwa kando ya barabara, na chemchemi, iliyonywewa na miti hiyo, inatoa maji ya kudondoka.

Mwalimu alisimama kwenye baraza akasema, "Mimi ndiye niliyeanzisha. Mimi ndiye nitakayeng'oa." Watu walimwona amerukwa na akili, ati serikali inahimiza miti na yeye anashika panga. Hakujali. Alitafuta kibali akakipata, akakusanya majirani, wakakata miti mikubwa, wakapandikiza mashina ya nyasi waliyoyatoa kileleni mwa mlima, mahali miwati haikuwa imefika.

Siku ile ya Novemba 2023 nchi nzima ilipopewa likizo ya kupanda miti, Chifu alikutana naye akishuka na mzigo wa miche ya miwati aliyoing'oa.

"Mwalimu, na wewe! Leo si ni siku ya kupanda?"

"Si nimepanda, Chifu? Nimepanda mpaka juu kabisa. Sasa nashuka."

Chifu alicheka mpaka akamsaidia kubeba. Tunamwona ameketi pale mbele, na anacheka tena.

Na nyasi zilirudi. Wanaobisha wapande wakaone. Wale ndege weusi wenye mikia mirefu wanarukaruka humo tena, ng'ombe wanashiba, na chemchemi inajaza ndoo bila mtu kusubiri.

Lakini Mwalimu alijua jambo moja lililomnyima usingizi. Mbegu ya mwati hulala udongoni miaka mingi, na kila mvua huotesha miche mingine. Ukiacha msimu mmoja tu, miche hushika mizizi, kisha hukomaa ikatoa mbegu zake, na mlima umekwenda. Kwa hiyo kila msimu alipanga Jumamosi ya kung'oa.

Mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa Meru na Nairobi, na familia inawashukuru madaktari na wote waliomwombea. Uchungu alikuwa nao, lakini kilichomtesa zaidi ni kuwaza mlima utabaki na nani. Mwezi huu Kendi alimwambia kwamba majirani wanauliza kama kazi ya Jumamosi tarehe 25 isogezwe mbele mpaka apate nafuu.

"Miwati haijui mimi ni mgonjwa," alimjibu, kwa sauti ndogo iliyokuwa imebaki. "Usiwaruhusu."

Alilala mauti Ijumaa, tarehe 17 Aprili 2026, mume na watoto wakiwa kando yake. Tumelia, na bado tunalia.

Ameacha mume wake, watoto watatu, wakwe, wajukuu sita, na wanafunzi wasiohesabika, wengine wao wakiwa na mvi.

Wengi mmetuuliza kama kazi ya kesho imeahirishwa kwa sababu ya matanga. Haijaahirishwa. Mvua imenyesha vizuri na miche imeota, imefika magotini. Leo tumevaa viatu vya kanisani. Kesho saa mbili asubuhi tukutane pale chemchemi na gambuti.

Mama apumzike kwa amani. Mlima tunao sisi.