Besi Iliyogeuziwa Ukuta

Baba Paroko, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Kivukoni, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Eufrasia Gaudensi Matanila, dada wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama kule Malinyi, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia ya mdogo wangu Hilari, kazi ambayo mwenyekiti wetu ndugu Jofrey ameniomba niimalize kwa ukurasa mmoja kwa sababu ratiba imebana, na ratiba imebana kwa sababu ndugu Vitus na bendi yake wametengewa nafasi ya kupiga solo wakati jeneza linashuka. Ukurasa mmoja hautatosha. Maisha yangu yote ya kazi niliandika wanayosema watu bila ruhusa ya kuongeza langu, leo naongeza, na mwenye haraka aondoke sasa hivi ili asitutimulie vumbi baadaye.

Marehemu Hilari Gaudensi Matanila alizaliwa tarehe 9 Juni 1966 hapa hapa Kivukoni, akiwa mtoto wa nne wa marehemu mzee Gaudensi, mvuvi na mkulima wa mpunga, na marehemu mama Marsiana, mwaka ambao maji ya mafuriko yalichelewa kurudi mtoni na mama akajifungua juu ya kichanja, godoro likiwa limefungwa darini lisilowe. Alikuwa mtoto mkimya, mkimya kiasi kwamba wageni waliokuja nyumbani walimuuliza baba kwa sauti ya chini kama kijana huyu anasikia. Alikuwa anasikia kuliko wote tuliopo hapa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 na kumaliza la saba mwaka 1980, na katika miaka hiyo alikaa kwenye kwaya ya shule kwa muhula mmoja tu, kwa maana mwalimu wa kwaya alimtoa kwa kosa la kuimba sauti ambayo haikufundishwa, sauti aliyoiweka chini ya ile ya wenzake, ikienda kwa njia yake na kukutana nao mwishoni. Mwalimu huyo Mungu amemjalia uzima, nimemwona amekaa pale chini ya turubai, na asubuhi ya leo alinishika mikono miwili akaniambia kwamba alikitambua kipaji cha Hilari tangu zamani. Ni kweli mwalimu, ulikitambua, ukakifukuza.

Mwaka 1981 hadi 1983 alijifunza useremala kwenye karakana ya misheni Ifakara, na huko kijana mmoja wa kizungu aliyekuja kujitolea alikuwa na magitaa mawili na kaseti za roki, na alipoondoka aliwaachia vijana vitu hivyo. Gitaa la nyuzi sita waligombea wote. La nyuzi nne hakuna aliyelitaka, lilionekana kama gitaa ambalo halijamaliziwa, basi wakampa Hilari, na hivyo ndivyo alivyopata besi, kwa kuachiwa makombo.

Mwaka 1984 aliajiriwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mzee Anselim pale Ifakara mjini, kazi aliyoifanya mpaka afya ilipomkatalia, na naitaja kwa heshima kwa kuwa ndiyo iliyomlisha, muziki haukumlisha hata siku moja. Mashine ile inanguruma kwa sauti moja kuanzia asubuhi, wenzake walikuwa wakiziba masikio kwa pamba, yeye alikuwa akiimba juu yake, akipanda na kushuka, wakati pumba zinamjaa kwenye nywele. Mwaka 1989 yeye, Vitus mwimbaji na mpiga gitaa la solo, na Nazari mpiga drams walianzisha bendi ya roki iitwayo Radi ya Bonde, iliyopiga kila Jumamosi jioni kwenye ukumbi wa mzee huyo huyo Anselim, karibu na soko, na wale waliosema roki ni muziki wa wahuni ndio wanaoongoza leo kuvaa fulana zenye picha ya bendi.

Sasa nafika kwenye wimbo, na mwenyekiti naomba usinyanyue saa yako. Mwaka 1992 Hilari alimpenda binti wa Mlimba, Agnella, shemeji zangu wa Mlimba mko hapa karibuni sana, akawa anapanda treni kumfuata kila alipopata nafasi, na kati ya kelele ya mashine na kelele ya treni akatunga tuni moja ambayo Agnella aliisikia kabla ya mtu yeyote, wamekaa kwenye benchi la stesheni, akimwimbia tu kwa mdomo uliofumbwa. Akaipeleka kwenye bendi. Vitus akaweka maneno, na maneno yale ni yake kabisa, sina nia ya kumnyang'anya: "Treni nipeleke, nipeleke treni," kisha anarudia kwa ajili ya ambao hawakuelewa mara ya kwanza. Wimbo ukaitwa Treni ya Mlimba, na bonde lote likaambiwa ni wimbo wa Vitus.

Naomba niwaeleze alichokuwa akikifanya Hilari, kwa sababu wengi wenu mnadhani besi ni lile dundo la kuwasaidia wasiojua kucheza. Hakukaa kwenye noti moja akiitwanga. Alianza chini, akapanda taratibu, akasimama pale mwimbaji anapovuta pumzi, akalijaza pengo lile kwa noti chache zilizotulia, kisha akashuka kwa njia tofauti na ile aliyopandia, na aliporudi chini ulijisikia kama mtu aliyefika nyumbani akakuta taa imewashwa. Ukiondoa magitaa mengine yote na maneno yote ya Vitus, bado ulibaki na wimbo mzima. Ukimwondoa Hilari ulibaki na kelele na jasho. Solo ya Vitus, kwa wageni ambao hamjawahi kuisikia, ni noti nyingi zinazokimbizana bila kujua ziendako, akimaliza anafuta uso kwa taulo, na watu wanadhani kwa kuwa kuna taulo basi kuna kazi iliyofanyika.

Mwaka 1993 Vitus alilalamika mbele yetu sote, nami nilikuwepo, nimekuja likizo. Alisema, "Besi inanifunika bwana, hebu igeuzeni huko nyuma." Fredy, fundi wao wa mitambo, mtu ambaye hajawahi kubishana na aliyeshika kipaza sauti, akaiburuta ile spika kubwa ya besi mpaka nyuma ya jukwaa, akaigeuzia ukuta, na ukuta wenyewe ni ule wa matofali ya matundu unaotazama sokoni. Hilari akasema, "Sawa tu, kaka." Spika ile ilikaa hivyo hivyo mpaka ukumbi ulipofungwa. Waliolipa kiingilio na kukaa mbele walimsikia Vitus, wakampigia makofi Vitus, wakamnunulia soda Vitus, na ndio hao waliokuja baadaye kuitwa wapenzi wa muziki.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Agnella tarehe 20 Agosti 1994 huko Mlimba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Noela aliyezaliwa mwaka 1995, ambaye sasa ni muuguzi, na Beno aliyezaliwa mwaka 1999, anayelima mpunga Malinyi. Kwenye harusi hiyo bendi ilipiga bila bwana harusi, kwa kuwa bwana harusi alikuwa amekaa na mkewe meza kuu, na wimbo ulipopigwa bila besi watu walisimama kucheza, wakasitasita, wakarudi kukaa. Vitus alieleza kwamba umeme ulikuwa mdogo.

Mwaka 2017 Hilari aligundulika kuwa na kisukari, ugonjwa ambao ulimchukua taratibu kuanzia miguuni, na mwaka 2023 vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi akawa hajui uzi uko wapi mpaka auangalie, ndipo akaliweka gitaa chini. Bendi haikutafuta mpiga besi mwingine. Walinunua kinanda chenye kitufe, kitufe kikibonyezwa besi inatoka yenyewe, na Vitus akatangaza kwamba hakuna tofauti. Mwezi Januari mwaka huu alilazwa, figo zikiwa zimechoka, na siku moja nikiwa namlisha uji nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni muda mrefu, kwa nini katika miaka yote ile hakuomba hata mara moja ile spika igeuzwe itazame watu. Alicheka, mgonjwa yule, akasema, "Ningeigeuza ya nini, dada? Watu wenyewe walikuwa nje." Sikumwelewa, nikadhani ni homa. Alifariki dunia tarehe 11 Februari 2025 saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika ule mkono usio na ganzi.

Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba mpiga solo maarufu Vitus amepatwa na msiba wa kufiwa na msindikizaji wake. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, aliyefiwa ni Vitus, Agnella ametajwa mwishoni baada ya jina la wadhamini. Na kwenye shada la bendi, lile kubwa kuliko mengine, wameandika "Msindikizaji wetu mwema," na kamati ikanipa maneno hayo hayo niyaweke kwenye msalaba chini ya jina. Nimekataa. Ndiyo maana fundi wa msalaba bado amesimama pale na brashi mkononi, ndugu mwenyekiti, hajachelewa, anasubiri tumalize jambo hili.

Jana asubuhi wanawake wa mtaa huu walikuwa uani wakipepeta mchele wa msiba, na kama ilivyo desturi yetu, ungo ukianza kwenda, midomo iliyofumbwa nayo inaanza kuimba kitu ili mikono iende pamoja. Walikuwa wanaimba Treni ya Mlimba bila maneno. Nikasimama mlangoni nikasikiliza, kisha nikamuuliza jirani yetu Dativa, "Hiyo mnayoiimba ni sehemu gani ya wimbo?" Dativa akanishangaa akasema, "Si ile solo ya Vitus, dada? Sisi wengine ukumbini hatukuwahi kuingia, hela ya kiingilio tungeitoa wapi, lakini tulikuwa tunauza samaki pale nyuma sokoni, tumeikariri yote." Pale nyuma sokoni, ndugu zangu, panapotazamana na matofali ya matundu.

Sasa nina ombi moja kwenu. Wote mnaoujua wimbo huu, mliokuwa ndani na mliokuwa nje, wauza samaki, wapiga makasia wa zamani wa kivuko, wafanyakazi wa mashambani mliokuja na lori, shemeji zangu wa Mlimba, naomba muuimbe kidogo, bila maneno, kwa mdomo uliofumbwa, kama mnavyouimba mkiwa kazini. Anza Dativa. Nami nanyamaza.

Asanteni, inatosha. Asanteni sana.

Mmejisikia wenyewe. Mlianza chini, mkapanda taratibu, mkasimama pale pa kuvuta pumzi, mkashuka kwa njia nyingine. Watu wote hawa na hakuna hata mmoja aliyeimba solo. Hiyo ni besi. Hiyo ni ya Hilari, na miaka thelathini na zaidi mmekuwa mkimbeba mdomoni huku mkimshukuru mwingine, kwa sababu aliyemgeuzia ukuta alikosea upande wenye watu. Na wewe Vitus usiangalie chini, nimeona midomo yako nayo ikienda, na haikuwa inaenda kwenye solo yako.

Kwa hiyo ratiba imebadilika. Gitaa lile lichomolewe na kile kinanda kifunikwe kisiingie vumbi, jeneza likishuka tutaimba hivi hivi kwa mdomo uliofumbwa, na fundi wa msalaba aandike "Mtunzi wa Treni ya Mlimba," herufi kubwa, rangi nyeusi.

Kwa niaba ya ukoo wa Matanila nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao hawakumtangaza redioni bali walimgeuza kitandani na kumsafisha vidonda, namshukuru Baba Paroko kwa uvumilivu, mzee Anselim aliyefunga mashine kwa siku tatu ili wafanyakazi wenzake marehemu wafike, majirani wa Kivukoni kwa mpunga, kuni na samaki, na wanawake wa uani kuliko wote. Naishukuru pia bendi ya Radi ya Bonde kwa shada, ni kubwa kweli, na maua yake ni ya plastiki kwa hiyo yatadumu. Fredy namshukuru kipekee, kwani alipoiburuta ile spika alimfanyia mdogo wangu wema ambao hakuna fundi mitambo mwenye akili angeufanya.

Pumzika, mdogo wangu Hilari. Walio nje wamekusikia wote.