Historia ya Dada Yetu, Mama Usafi wa Mafaili

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee safari ya dada yangu, na kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba niliyekulia mgongoni kwake, mnivumilie sauti ikikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1979, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2002 akahitimu chuo katika fani ya kompyuta, fani ambayo bibi yetu mpaka anafariki aliamini ni kutengeneza televisheni.

Tarehe 3 Machi 2003 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza programu ya kurekodi sauti, akakuta programu hiyo inarundika kila kitu kwenye folda moja, mipangilio ya mtumiaji pamoja na vipande vya sauti ambavyo bado havijahifadhiwa, kiasi kwamba diski ikijaa na mtu akafanya usafi, anafuta na mipangilio yake yote, anaanza upya kama mgeni kwenye kompyuta yake mwenyewe. Dada alilikataa jambo hilo kwa ule ukali mnaoujua, akatenga folda mbili, moja ya mipangilio, ambayo haiguswi, nyingine ya mafaili ya muda, yaani vile vipande visivyohifadhiwa, ambayo programu ikifungwa tu inafagiliwa, na wenzake walipobisha akawaambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndipo wakambandika jina la Mama Usafi.

Tarehe 12 Disemba 2009 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, aliyekwenda ofisini kwao kutengeneza meza na tangu hapo kila wiki akawa na droo ya kurekebisha, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike.

Mwezi Aprili mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akatibiwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na tangu Julai akawa anakaa kitandani, kompyuta mapajani, akimrekodia binti yake hadithi za utoto wetu kwa programu ile ile. Hakuzihifadhi, alisema hajamaliza, akawa anaiacha programu wazi mchana na usiku. Tarehe 14 Agosti alizidiwa, akapelekwa hospitali, na tarehe 19 alfajiri akatutoka.

Asubuhi hiyo shemeji, akiandaa chumba kwa ajili ya wageni, aliifunga ile programu, nayo haikumuuliza kama ahifadhi au aache, kwa sababu marehemu mwenyewe, asiyependa kuulizwaulizwa, alikuwa ameweka mpangilio kwamba asiulizwe, basi ikajifunga kimya na kufagia. Wenzake wa kazini walikuja wakaipekua diski nzima, na mkuu wao akatuambia huku analia kwamba hakuna kitu, dada yenu alifanya kazi yake vizuri mno.

Shemeji, tangu siku ile chakula hakikupiti, na mama amenituma niseme mbele ya watu hawa wote kwamba huna kosa, maji yakimwagika hayazoleki. Sote tungetoa chochote tusikie hata kikohozi chake. Lakini folda ya mipangilio haikuguswa, na jana niliifungua programu nikakuta kipaza sauti kimepandishwa mpaka mwisho, maana sauti yake ilikuwa imefifia, naye alitaka mwanawe amsikie. Mpwa wangu, jua hivyo, mama yako alitaka umsikie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotupikia na kulala nasi chini, na ninyi wafanyakazi wenzake, ambao hata leo mmekaa mstari wa mbele kama alivyokuwa akiwaweka kwenye vikao.

Pumzika kwa amani, dada, hadithi nilizokuwemo nitamsimulia mimi, ila sauti yako sina.