Miguu ya Nangila Si Shamba la Ukoo

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Phelista, binti yangu, niinulie mto kidogo. Bramwel, mdogo wangu, keti hapo nitakapouona uso wako, na usitoke mpaka nimalize, hata simu ikilia. Tabby, mke wa mwanangu, usikae huko jikoni kama mgeni. Ingia ukae na wenzako, kwa sababu jina lako litatajwa. Na wewe Nangila, kitindamimba wangu, kaa popote upendapo. Wewe ndiye uliyewaleta hawa wote, ingawa wanasema wamekuja kuniona mimi.

Mimi Zachary Wangila nina akili zangu timamu. Daktari kule Kitale aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba uvimbe huu wa koo hauna tiba tena, nikamwomba aniachilie nirudi Kamukuywa nife nikisikia ng'ombe wangu. Kwa hiyo haya ninayosema mchana huu mbele ya mchungaji ndiyo maneno yangu ya mwisho, na asije mtu kesho akadai kwamba mzee alikuwa amechanganyikiwa.

Najua mnachongojea. Mnataka niseme kama Nangila aende ng'ambo kwenye kambi ya wanariadha akakimbie kwa mshahara, au abaki aanze mwaka wake wa mafunzo katika hospitali ya Bungoma, ili ile shahada ya ufamasia aliyoisotea miaka yote hii ianze kumfaa. Vyote viwili vinaanza mwezi huu na hawezi kuwa mahali pawili. Bramwel anataka akimbie. Phelista pia anataka akimbie, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Tabby hataki hata kuona viatu vya mbio vikianikwa uani. Mmevutana juu ya kichwa cha mtoto huyu mpaka ameacha kula mezani pamoja nanyi.

Nitalijibu hilo. Lakini kwanza nitamtaja Khisa, kwa sababu tangu tumzike kaka yenu hakuna anayemtaja katika nyumba hii, kana kwamba kufa ni jambo la aibu.

Khisa aliingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji, na huko huko akawa anaongoza mbio za vyuo. Alipohitimu alipata kazi Bungoma, katika ofisi ya maji. Yeye ndiye aliyesimamia ule mfereji uliofika Naitiri, na siku ile bomba lilipofunguliwa, akina mama walimlowesha maji suti yake nzima, akarudi nyumbani akicheka, matope hadi magotini. Sijawahi kumwona akicheka vile tena, hata aliposhinda mbio. Kisha akaja meneja mmoja aliyemwona akikimbia Kitale, akamwambia kwamba ofisi itamngoja lakini miguu haitamngoja. Akaacha kazi. Mwaka wa kwanza akashinda marathoni Ulaya, picha yake ikatoka gazetini, na watu wa ukoo ambao sikuwa nimewaona tangu mazishi ya mama yangu wakajaa uani, kila mmoja na shida yake mkononi.

Hakumnyima mtu. Bramwel, wewe alikununulia gari. Ulilipanda kila Jumapili kwenda kanisani, hatua chache tu kutoka kwako.

Kisha kano ya kisigino ikaanza kuvimba. Nilikuwepo alipoketi hapa hapa sebuleni, mguu ndani ya karai la maji baridi, akasema anataka kupumzika msimu mzima. Mimi nikamwambia apumzike. Ukajibu wewe, mdogo wangu, na maneno yako sijayasahau. Ulisema, "Si utapumzika ukizeeka, bana? Watoto yangu iko shule, na kila mtu hapa anakutegemea." Khisa akanitazama mimi, wala si wewe, akaniuliza, "Baba, nikipumzika, hawa wote niwapeleke wapi?"

Usiinamishe kichwa, Bramwel. Sijakuita hapa nikuue. Nataka tu isikike.

Akaenda kwa mtu mmoja mjini Kitale aliyekuwa akiwachoma wakimbiaji sindano, ambaye alimwambia ni vitamini za kuponya kano. Labda Khisa aliamini, labda alitaka kuamini. Hilo amekwenda nalo. Kisigino kikatulia, akakimbia tena, wakampima, wakakuta dawa zilizokatazwa, akafungiwa asishindane popote. Gazeti lile lile likaandika tena jina lake. Akarudi ofisini kuomba kazi yake, akakuta kijana mwingine amekalia kiti, wakamwambia aombe upya kama watu wengine. Aliomba Bungoma, akaomba Kitale, akaomba hata kusoma mita za maji. Walimtazama kama mtu waliyemfahamu zamani.

Na nyinyi mlitoweka. Yule meneja hakushika simu tena. Bramwel, siku aliyokuja kwako kukuomba umwazime gari ampeleke Tabby kliniki, ulimwambia halina mafuta, na injini ilikuwa ingali na joto.

Alichobakiza ni kuamka. Kila asubuhi alivaa nguo zake za mazoezi akakimbia njia ya Saboti, bila mashindano yoyote mbele yake, kwa sababu, alivyomwambia Tabby, hakujua kitu kingine cha kufanya na asubuhi. Tabby ndiye aliyemkuta. Alikuwa ameketi kando ya barabara, ameegemea ukingo wa mahindi, jasho halijamkauka usoni. Daktari alisema ni moyo. Mimi sina elimu ya kubishana na daktari.

Nipe maji, Phelista. Kidogo tu, hayapiti.

Sasa wewe, Phelista mwanangu. Watu wanadhani wewe uliokoka. Ulikuwa ukicheza voliboli chuoni mpaka kilabu kimoja cha ng'ambo kikakutaka, ukakataa, ukachukua shahada yako ya kemia ukaenda kufundisha Naitiri, na sisi tukakusifu kwa busara yako. Lakini nilikuona mwaka jana, walimu walipocheza na wanafunzi. Uliupiga mpira kama mtu anayempiga mtu. Wasichana wakaogopa kusimama upande wa pili wa wavu. Na juzi nikakusikia dirishani ukimwambia mdogo wako, "Nenda, Nangila. Mimi nilibaki, na kila nikishika chaki naona mkono wa mtu mwingine." Sikujua, mama. Kazi unaifanya vizuri, watoto wa watu wamefaulu kwa ajili yako, na bado unaumwa. Nakupa pole kama baba. Lakini uchungu huo ni wako. Usimvishe mdogo wako akaukimbie kwa niaba yako.

Na Tabby, wewe nawe, woga wako ni halali kuliko maneno ya sisi sote. Hata hivyo Nangila si Khisa, na kumfungia nyumbani hakutamrudisha aliyelala.

Sikilizeni habari ya mali, kwa sababu imefungamana na hayo. Nyumba hii, na shamba linaloizunguka hadi mtoni, ni vya Tabby na binti zake. Hatarithiwa na mtu, hatahamishwa na mtu, na akitaka kuolewa tena, hilo ni lake. Shamba la Saboti ni la Phelista na Nangila, nusu kwa nusu. Naona umeguna, Bramwel. Unataka kusema wasichana hawarithi. Sheria ya nchi imewaruhusu, na hata isingewaruhusu, mimi ndiye niliyeng'oa visiki vile. Wewe una sehemu uliyopewa na baba yetu, na hujaimaliza kulima. Nimewagawia hivi ili pasiwe na mtu katika nyumba hii atakayelala njaa kwa sababu Nangila hakushinda. Mmenielewa? Miguu yake si shamba la ukoo. Asimpigie mtu simu kambini kumwomba karo, wala mabati, wala mchango wa harusi. Akitoa kwa moyo wake, sawa. Asipotoa, mle mahindi yenu.

Bramwel, nimekusamehe. Nimelisema mbele ya mchungaji na sitalirudisha. Lakini siku ya mazishi yangu usisimame kuwasimulia watu jinsi ulivyompenda Khisa. Kaa tu uomboleze kama wengine.

Sasa jibu.

Juzi mlipokwenda sokoni nilimwita Nangila peke yake. Nilimwambia ninalotaka: aanze hospitalini, amalize huo mwaka mmoja, apate leseni yake, halafu akimbie mpaka achoke. Nikamwambia kwamba mtu anayedai miguu yako haiwezi kungoja mwaka mmoja anaitaka ya mwaka mmoja tu. Nilidhani nimesema vizuri. Akasema, "Baba, nimekusikia. Lakini nitaenda." Nikamuuliza kama amemsahau kaka yake. Akasema, "Ndiye ninayekimbia naye kila siku. Kaka alikimbia kwa ajili ya watu. Mimi nikishindwa, nataka kushindwa kuwe kwangu."

Nilikasirika. Nikamgeuzia mgongo nikatazama ukuta, na yeye hakuondoka, hakulia, wala hakunibembeleza. Alikaa pale pale mpaka nilipogeuka mwenyewe, kwa sababu shingo ilikuwa inaniuma. Nikauona uso wake, nikajua kwamba huyu ameshaamua kabla ya nyinyi nyote kuanza kuvutana.

Kwa hiyo haya ndiyo maneno yangu. Sikubaliani naye. Naogopa, na hofu hii nitakufa nayo. Na nimembariki aende. Yote matatu ni kweli, na asijitokeze mtu akachukua moja akaacha mengine.

Nangila, siku mguu ukiuma, simama. Usiniulize mimi, usiulize meneja, simama. Na akija mtu na sindano, kumbuka kaka yako hakujua kilichokuwa ndani yake, lakini wewe umesomea dawa. Soma chupa. Uliza. Kataa. Shahada yako haibaki Bungoma, mwanangu, unakwenda nayo. Na ukirudi mikono mitupu, ukirudi unachechemea, Saboti ni kwako, na Phelista atakupokea. Phelista, hutamwambia kwamba alionywa. Hata kwa macho.

Subirini... nipumue.

Ndege yake ni Alhamisi. Nikifa kabla, asiahirishe safari. Nikifa baada ya hapo, asirudi. Msimwite. Msimtumie picha za jeneza. Najua watakaosema ati mtoto gani hamziki babaye, na jibu lao mtawapa hili: alitumwa na marehemu.

Mtanilaza karibu na Khisa, upande wa juu, ili maji ya mvua yasiende kwake. Msiniwekee hema kubwa. Yule dume mweusi achinjwe, wengine wabaki wa Tabby. Mchungaji, uhubiri mfupi, watu watakuwa wametoka mbali.

Na Nangila... jioni hii Tabby atakuonyesha mahali hapo. Hapajachimbwa. Chukua udongo kwa mkono wako, uumwage pale, useme unalotaka kusema. Najua ni mwiko kumwagia udongo mtu anayepumua. Mwiko huo... nauchukua mimi. Usiubebe kwenye ndege.

Mungu awape... Phelista, Mungu akupe usingizi. Tabby, akulindie hao watoto. Bramwel... akupe uso wa kuwatazama. Wajukuu zangu, waliozaliwa na ambao bado hawajazaliwa... wote... wapate kusoma, wapate kucheza, na mtu asiwaulize... asiwaulize kipi kitalisha nyumba.

Fungua hilo dirisha.

Sina zaidi. Mchungaji, omba wewe... mimi nitaitikia nikiweza. Nyinyi wengine kaeni. Nangila, toka kwanza pamoja na Tabby. Jua lingalipo. Nenda umwage udongo wako, mama... na usirudi kuniambia umemaliza.